Leseni ya Mlango wa Mbele

Nchi yetu ina jina zuri, lakini jina hilo haliandikwi bila kibali, na kibali changu bado kinashughulikiwa. Kwa hiyo nitasema nchi yetu tu. Anayeishi humo ataitambua. Asiyeishi humo amshukuru Mungu kwa alipo, kama nami ninavyomshukuru kwa nilipo, maana kwetu kushukuru ni amri.

Katika nchi yetu hakuna walevi. Jambo hili lilithibitishwa na sensa. Zamani fomu ya sensa ilikuwa na swali la kila mtu anakunywa nini, na majibu yakamhuzunisha Mlezi wa Taifa. Swali likafutwa. Sensa iliyofuata haikupata mlevi hata mmoja, kutoka mpaka mmoja hadi mwingine. Majirani walituma wajumbe kuja kujifunza tumefanyaje. Walikaribishwa vizuri sana, na wakati wa kuondoka ilibidi wabebwe hadi kwenye magari.

Hata hivyo leseni ya kuuza vileo usiku ipo. Ipo kwa ajili ya wageni. Treni ya taifa hufika mjini kwetu saa tano usiku, kwa kuwa imepangwa kufika saa kumi jioni, na wageni wanaoshuka huwa na njaa na hasira. Sheria inasema mgahawa utakaopewa leseni hiyo utimize masharti matatu. Uwe na madirisha ya vioo yasiyo na pazia upande wa barabara. Taa ziwake muda wote. Na usiwe na mlango wa nyuma. Sheria iliandikwa hivyo ili raia wakipita waone wageni wanavyojidhalilisha, wapate fundisho.

Tangu sheria ipitishwe, kwa miaka mingi hakuna mgahawa uliopata leseni hiyo mjini kwetu. Aliyewahi kuiomba ni mtu mmoja tu, na habari yenyewe ni hii.

Mimi ni msomaji wa sala wa Baraza la Mji. Kikao hakianzi bila sala, na sala haisomwi ila kutoka kitabu chenye muhuri. Siku ile nilisoma Sala Namba Nne, ya vikao vinavyotarajiwa kuwa vigumu, kisha nikasimama kando ya ukuta tangu saa nane mchana mpaka mambo yakaisha. Ninayosimulia niliyaona.

*

Mama Skolastika ni mjane, na mgahawa wake uko mkabala na stesheni. Ameuendesha miaka kumi na tisa. Kwa mlango wa mbele huuza chai ya maziwa, maandazi, wali na maharage, na siku za Ijumaa supu ya makongoro ambayo watu huifuata kutoka mitaa ya mbali. Saa tatu usiku mlango huo hufungwa, kama sheria inavyotaka. Baada ya hapo hufunguliwa mlango wa nyuma, unaotazama stoo ya makaa, na hapo huuzwa chai ya usiku.

Chai ya usiku huletwa kwenye birika la bati. Ni ya baridi na ina povu. Viongozi wetu wengi waliipenda. Nimemwona kwa macho yangu mtu mzima, mwenye cheo, akimaliza mabirika matatu na kushindwa kuiona barabara iliyokuwa mbele yake. Nilipouliza nikaambiwa ni majani ya chai ya milimani, hushuka miguuni. Nikamwombea.

Tabu ya mlango wa nyuma ni kwamba anayeingilia huko leo anaweza kukukamata kesho. Mgambo wa Baraza walikuwa wakinywa Jumatatu na kupekua Jumanne. Mwezi ule walimkamata mpishi wa Mama Skolastika, msichana aitwaye Mwahija, akivuka uwanja na birika mkononi. Askari aliyemkamata ndiye aliyekuwa amemtuma alilete. Mwahija alilala mahabusu siku kumi na moja, na alipotoka alikuwa hawezi kusikia mlango ukigongwa bila kutetemeka. Siku hiyo hiyo Mama Skolastika alikwenda ofisini kwa Karani akachukua fomu ya leseni.

Aliomba mara ya kwanza. Wajumbe hawakutimia, ombi likaandikwa limekataliwa. Akaomba mara ya pili. Wajumbe walitimia lakini Mwenyekiti alikuwa na mafua, ombi likaandikwa limekataliwa. Siku ninayoisimulia ilikuwa ya tatu, na sheria inasema anayekataliwa mara tatu atafungiwa mlango wake kwa kufuli la Baraza. Waraka kutoka juu ulikuwa umeongeza kwamba ombi la tatu likifika saa kumi na mbili jioni bila uamuzi, nalo limekataliwa.

Sheria inataja mlango mmoja. Kufuli lililonunuliwa lilikuwa moja. Kila mtu ukumbini alielewa kwamba mlango utakaofungwa ni ule wa mbele, wa maandazi na supu, na kwamba wa nyuma ungebaki kama ulivyo, na Mama Skolastika ndani yake, akiwapikia waheshimiwa chai ya usiku na kukamatwa kila walipojisikia. Hakuweza hata kuondoka. Mgahawa ulioachwa na mwenyewe huitwa gofu, na magofu yote ni mali ya Baraza.

Askari mwenye kufuli alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi, kufuli likining'inia kwenye kidole chake.

*

Mama Skolastika alikuja na kikapu cha sambusa, kwa mazoea ya mtu ambaye haendi kwa watu mikono mitupu. Walimnyang'anya mlangoni. Baraza letu lina Kanuni ya Pilau, iliyotungwa baada ya mwaka ambao viwanja vyote vya mjini viligawiwa katika wiki moja, na wiki hiyo kulikuwa na pilau kila siku. Tangu hapo mjumbe hagusi cha mwombaji. Sambusa ziliwekwa chini ya meza ya askari, na kwa kuwa askari si wajumbe, hazikukaa sana.

Wajumbe wetu ni tisa. Mwenyekiti ni Mheshimiwa Pantaleo Mgogosi, mtu mrefu, mwenye sauti ya taratibu na macho yenye usingizi. Kushoto kwake hukaa Mheshimiwa Lazaro Mbwilo, ambaye kazi yake ni kuongea. Na mwisho wa meza, mbali kabisa na Mwenyekiti, hukaa Mheshimiwa Eufrasia, mke wa Mwenyekiti. Kanuni inakataza mume na mke kukaa karibu ndani ya ukumbi au kuitana kwa jina la nyumbani, wasije wakapatana.

Bi Eufrasia alikuwa ameongoza Kamati ya Maadili miaka kumi na mmoja. Wajumbe wengine wanane walikuwa wakilaani pombe kwenye mikutano. Yeye aliilaani mpaka nyumbani. Alipita mlango kwa mlango, akakaa na wanawake jikoni, akawasikiliza. Hajawahi kuonja kileo maishani mwake, na hilo nalijua kwa sababu tunasali pamoja. Jioni hula peke yake. Mwenyekiti huwa na vikao vingi vya jioni. Vikao hivyo sijawahi kuviona kwenye ratiba ya Baraza, lakini mimi nahusika na vile vya sala tu.

Basi wote tisa walikuwa wamekuja kukataa. Bi Eufrasia alitaka kukataa kwa sababu ya pombe. Wengine, kadiri nilivyoelewa, walikuwa na wasiwasi na madirisha.

Mheshimiwa Lazaro aliomba dakika tano. Akaanza na historia ya kioo. Alisema kioo ni kitu kigeni, kwamba mababu waliishi bila kuonwa na mtu na wakaishi vizuri, na kwamba taifa linalokubali kutazamwa likiwa limekaa halitaheshimiwa tena likisimama. Alieleza namna jua linavyopita kwenye kioo na kuharibu rangi ya viti. Alikumbuka ajali tatu za vioo, moja ikiwa ya shangazi yake. Saa tisa ilimkuta akiwa kwenye mchanga unaotengenezea kioo. Saa kumi ilimkuta bado mchangani. Wajumbe walitikisa vichwa kila baada ya muda, na mmoja alikuwa akitikisa huku amelala.

Mama Skolastika alikuwa amekaa kwenye benchi la waombaji, mgongo wima, mikono juu ya mapaja, akiitazama saa ya ukutani. Niliona alichokuwa anakitazama. Wajumbe walikuwa wanamalizia siku kwa maneno. Wasingehitaji hata kunyoosha mkono. Mheshimiwa Lazaro angeongea mpaka saa kumi na mbili, na kufuli lingekwenda stesheni.

Saa kumi na nusu Bi Eufrasia alisimama. Alisema yeye hakuja kuficha kura yake nyuma ya mchanga. Kama mwanamke huyu anakataliwa, akataliwe kwa sababu inayojulikana, mbele yake, kwa mikono iliyonyooshwa. Na sababu anayo. Akaita kielelezo.

*

Mgambo aliingia na birika la bati. Lilikuwa limekamatwa alfajiri ile katika jiko la nyuma, kwa amri ya Kamati ya Maadili. Alilibeba kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, akapiga saluti ya kichwa, akainama kuliweka mezani. Kifuniko kikaanguka, kikabingirika chini hadi miguuni pangu. Nilikiokota. Ukingo wake umepinda, hakishiki kabisa. Nilikirudisha juu ya birika, Karani aliposogeza birika kidogo kikaanguka tena.

Harufu ya chai ya usiku ilienea ukumbini. Mjumbe aliyekuwa amelala aliamka.

Bi Eufrasia alimgeukia Mama Skolastika, akamkumbusha kwamba yuko chini ya kiapo, na kwamba anayeuza kileo bila leseni kifungo chake ni miaka miwili.

"Mama, humu ndani kuna nini?"

Nilisikia kufuli likigonga bizimu ya mkanda wa askari. Mama Skolastika aliitazama meza kuanzia mwanzo hadi mwisho, uso mmoja baada ya mwingine. Waheshimiwa waliangalia karatasi zao. Mmoja aligundua kwamba kiatu chake kimefunguka. Mwenyekiti alifumba macho, nikadhani anasali.

"Kilichomo humo," Mama Skolastika alisema polepole, "waheshimiwa wanakijua. Mimi sina la kuwaongezea."

"Nimekuuliza wewe."

"Nimekusikia, dada yangu. Nimeapa kusema kweli, na hiyo ndiyo kweli yenyewe."

Nilimwona Mheshimiwa Lazaro akifuta shingo kwa leso. Nadhani aliona hatari kabla ya wenzake. Mwanamke akisema ni pombe, anakwenda jela, na mlango wa nyuma unakwenda naye. Akiulizwa tena, huenda akaeleza wanaijuaje. Kwa hiyo Mheshimiwa Lazaro alisimama haraka kuliko nilivyowahi kumwona akisimama, akasema kwa heshima kubwa kwamba si haki kumlazimisha mama mjane ajishuhudie. Baraza lina ndimi zake. Baraza liamue lenyewe. Akatoa hoja kwamba kielelezo kionjwe na wajumbe, mmoja mmoja, ili ukweli upatikane kisayansi.

Hoja iliungwa mkono na watu saba kwa pamoja.

*

Nimesimama kwenye ukumbi ule miaka mingi, na sijawahi kuwaona viongozi wetu wakifanya kazi kwa bidii namna ile.

Birika lilianzia kwa Mheshimiwa Lazaro. Alilishika mpini kwa mkono wa kulia, na kidole gumba cha kushoto kikakiwahi kifuniko na kukibana kabla hakijaanguka. Akanywa mdomoni mwa birika, maana vikombe havikuwa vimeidhinishwa. Akafikiri. Akanywa tena ili kuhakikisha. "Chai," alisema, na Karani akaandika.

Wa pili alilipokea. Kidole gumba kikaenda juu ya kifuniko. "Chai."

Wa tatu naye, kidole gumba juu ya kifuniko. Alikuwa akiongea na jirani yake, hata hakutazama mkono wake. "Chai, tena nzuri."

Nilimshukuru Mungu kwa kutupa viongozi waangalifu. Mgambo aliyelibeba alikiangusha kifuniko, Karani alikiangusha, nami nadhani ningekiangusha. Lakini waheshimiwa, ambao hawajawahi kuliona birika lile, kila mmoja alikiwahi. Wa nne. Wa tano. Wa sita akakishika kwa kidole cha shahada, nikaona jirani yake akimrekebisha.

Bi Eufrasia alikuwa ameacha kuandika. Alikuwa akitazama mikono.

Wa saba alisema chai. Birika lilikuwa limebaki jepesi lilipofika kwa Mwenyekiti, aliyekuwa wa nane. Alilipokea bila kufumbua macho vizuri. Kidole gumba chake cha kushoto kilikwenda juu ya kifuniko, na kidole kidogo kikaingia chini ya mdomo wa birika, pale ambapo panavuja, ili tone lisianguke kwenye shati. Hakuna mwingine aliyejua kwamba panavuja. Alikunywa taratibu mpaka mwisho, akapangusa midomo kwa nyuma ya mkono, akasema chai.

Kisha akakumbuka alipo, akamtazama mke wake.

Birika tupu lilifikishwa mwisho wa meza. Bi Eufrasia hakuligusa. Alisema hajawahi kuonja na hataanza leo, kwa hiyo hajui ni nini. Karani alitafuta kwenye daftari mahali pa kuandika kwamba mjumbe hajui, hakupaona, akaacha mstari mtupu.

*

Ilikuwa saa kumi na moja na robo. Mheshimiwa Lazaro, ambaye mashavu yake yalikuwa yameanza kung'aa, alihitimisha. Baraza limeridhika kwamba mwombaji huuza chai. Fomu ya leseni ya vileo inamtaka mwombaji awe na uzoefu wa miaka mitatu wa kuuza vileo. Muuza chai hana uzoefu huo. Kwa hiyo, kwa masikitiko makubwa, ombi lipigiwe kura ya kukataliwa, na aendelee na chai yake.

Mwenyekiti aliwataka wanaokataa wanyooshe mikono. Mikono minane ilipanda, ukiwemo wake. Mama Skolastika aliinamisha kichwa kwa mara ya kwanza tangu saa nane. Mlangoni askari alihamisha kufuli kutoka kidoleni hadi kiganjani, tayari kuondoka.

Karani wetu anaitwa Bwana Hamdani. Ni mtu mwembamba, mwoga, amebakiza mwaka mmoja kustaafu, na katika maisha yake hajawahi kumpinga mtu. Ila ana ugonjwa mmoja: hawezi kuandika muhtasari wenye kosa. Nilimwona akihesabu mikono, kalamu ikafika kwenye karatasi, ikasimama. Alijaribu tena kuandika, akashindwa.

Aliomba radhi mara nne. Kisha akasoma Kanuni ya Pilau, yote, kwa sauti ndogo. Mjumbe aliyekula au kunywa kitu chochote cha mwombaji siku ya uamuzi atabaki kitini ili idadi itimie, lakini kura yake haitahesabiwa.

Mikono minane ilikuwa bado juu. Ikaanza kushuka mmoja mmoja.

Mheshimiwa Lazaro alisema kuonja si kunywa. Karani, karibu kulia, alionyesha birika lililokuwa tupu. Mheshimiwa Lazaro akasema basi kikao kiahirishwe. Karani akasoma waraka kutoka juu, kwamba ombi la tatu haliahirishwi. Mheshimiwa Lazaro akasema ana jambo moja la kuongeza kuhusu kioo. Mwenyekiti alimwambia akae.

Kwa hiyo ilibaki kura moja, ya mtu ambaye hakuonja. Waheshimiwa walipolielewa hilo walipumua, na mmoja alicheka kwa sauti. Miaka kumi na mmoja Bi Eufrasia amepiga vita pombe. Amemkamata mwanamke huyu na birika. Hakukuwa na kura ya uhakika zaidi ya hiyo katika nchi nzima. Mheshimiwa Lazaro alianza kukusanya karatasi zake.

Mama Skolastika aliomba kusema. Mwenyekiti alimwambia muda hautoshi. Bi Eufrasia alisema upo, saa ile inaonekana.

"Sina mengi," Mama Skolastika alisema. Alikuwa amesimama, ameshika ncha ya kanga yake. "Mimi si mtu wa kuja kubembeleza ulevi hapa. Naijua pombe kuliko nyinyi, mimi ndiye ninayefuta meza. Ila mpishi wangu amelala chini siku kumi na moja kwa ajili ya birika ambalo hata hajui nani alilimaliza. Nimechoka kuuza kama mwizi kwa watu wanaonipekua. Nataka kuuza kwa mlango wa mbele, anayekuja ajulikane kaja, na anayenikamata anikamate kwa kosa. Nikikosa hilo, ninyi hamtakosa kitu. Mtajua pa kunikuta. Ndilo linalonitisha."

Akakaa. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika arobaini.

*

Bi Eufrasia hakunyoosha mkono wa kukataa wala wa kukubali. Alimwomba Karani asome tena masharti ya leseni, lile la madirisha. Karani akasoma: vioo vitupu, bila pazia, kuanzia kimo cha mtu aliyekaa.

"Mtu akiwa barabarani, anamwona aliye ndani?"

"Anamwona, mheshimiwa. Sheria inasema mpaka uso."

"Na taa hazizimwi."

"Hazizimwi."

"Na hakuna mlango mwingine wa kutokea."

"Unazibwa kwa matofali, mheshimiwa. Kabla ya kufungua."

Wajumbe waliacha kukusanya karatasi. Bi Eufrasia alimgeukia Mama Skolastika. Sauti yake ilikuwa imeshuka, na kwa mara ya kwanza haikuwa sauti ya Kamati.

"Hukaa wapi?"

Hakusema nani. Mimi sikuelewa walikuwa wanamzungumzia mtu gani, na kwenye muhtasari imeandikwa "mteja mmoja". Lakini Mama Skolastika hakuuliza.

"Ile meza ya kona," alisema. "Karibu na jiko, penye joto."

"Na nani?"

"Peke yake. Wenzake hupiga kelele, yeye huwakwepa."

"Huongea?"

"Haongei, dada. Hunywa, kisha husinzia. Akiamka huuliza saa ngapi. Nikimwambia, husema bado mapema."

"Hula?"

"Hali. Nimeshamwekea chakula mara nyingi. Husema kwake wamempikia."

Mwenyekiti alikuwa akitazama dari. Ni dari ya kawaida, ya mbao, ina doa la mvua. Alilitazama kama mtu anayesoma. Bi Eufrasia alikaa kimya, na ule ukimya ulikuwa mrefu kuliko hotuba ya kioo. Saa ya ukutani ilisogea. Dakika kumi na mbili. Dakika kumi. Mheshimiwa Lazaro alinong'ona kwamba mama anyooshe tu mkono wa kukataa, watu wakapumzike, na Bi Eufrasia akamtazama mara moja, naye hakunong'ona tena. Midomo ya Mama Skolastika ilikuwa inacheza bila sauti. Nami nilisali, si kwa kitabu, na sikuwa na hakika naomba nini. Tangu ujana wangu nimeomba pombe iondoke katika mji huu. Siku ile sikuweza kuliomba.

Dakika sita kabla ya saa kumi na mbili, Bi Eufrasia alinyoosha mkono.

"Nakubali ombi," alisema.

Mjumbe mmoja alisimama. Mwingine alisema hapana, hakusikia vizuri, arudie. Bi Eufrasia alirudia, polepole, Karani apate kuandika. Alisema bado anaichukia pombe, na hilo liingie kwenye muhtasari, na kesho ataendelea na mlango kwa mlango kama kawaida. Lakini miaka kumi na mmoja amepigana na kitu asichokiona. Sasa anataka kioo.

Karani aliandika, akapiga muhuri, akapeleka karatasi kwa Mwenyekiti. Bila sahihi yake ilikuwa karatasi tu. Dakika nne zilikuwa zimebaki, na waheshimiwa saba walimtazama kwa macho ya kuomba. Angeweza kuangusha kalamu. Angeweza kupata mafua. Alishika kalamu juu ya karatasi na haikushuka.

"Mheshimiwa Mjumbe," alisema bila kuinua uso, "una hakika na unachokifanya?"

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alijibu Bi Eufrasia, "tia sahihi."

Akatia. Dakika mbili baadaye saa ilifika, na askari mlangoni, ambaye alikuwa hajaambiwa lolote tofauti, alianza kuondoka na kufuli, ikabidi aitwe kutoka barabarani.

Mama Skolastika aliipokea leseni kwa mikono miwili. Hakushangilia. Aliisoma yote, mstari kwa mstari, kama mtu aliyezoea karatasi zenye hila. Waheshimiwa walitoka kwa haraka, wengine wakiulizana kwa sauti ya chini kama mji wa jirani una stesheni. Mwenyekiti alibaki kitini. Bi Eufrasia alikunja karatasi zake, akapita nyuma ya viti vilivyokuwa vitupu mpaka kwenye benchi la waombaji.

"Unafungua lini?"

"Kesho kutwa, dada. Nipate mtu wa vioo, na fundi wa kuuziba ule mlango."

"Uniwekee kiti."

Mama Skolastika alisita. "Dirishani?"

Bi Eufrasia alimtazama mume wake, aliyekuwa bado ameshika kalamu kwenye ukumbi ule mkubwa.

"Hapana," alisema. "Karibu naye. Na chakula cha watu wawili."